Jina la Pili

Isevya, Tabora
9 Machi 2023

Mama yangu Godeliva,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na ule mguu umeacha kukusumbua. Sisi huku hatujambo. Baba yangu bado anashona kanzu zake barazani na bado ananiuliza lini nitapata kazi ya maana. Nilipokuwa mwandishi wa gazeti alisema kazi yangu ni umbea wa kulipwa. Sasa nimekuwa mtafiti wa haki za binadamu, anasema ni umbea uleule, ila umeongezwa kurasa.

Nakuandikia kwa mkono kama tulivyokubaliana, kwa sababu simu yako pale shambani hushikwa na kila mtu. Mpwa wako, Frateri Antoni, ndiye atakayekufikishia akitoka seminari ya Kipalapala. Ndani ya bahasha utakuta ripoti. Imetoka, mama! Kurasa sitini na nne kuhusu mashamba ya tumbaku, na maneno yako yapo ukurasa wa thelathini na moja: jinsi kibarua Modesti alivyoomba ruhusa akamzike mama yake, nyapara akakataa, na alipotaka kwenda hivyohivyo akamfungia ndani ya bani, lile banda la kukaushia tumbaku, moto ukiwaka, tangu baada ya uji wa asubuhi mpaka watu waliporudi jioni. Na jinsi alivyofariki siku ya nne. Miaka kumi na moja ya gazeti sikuwahi kuandika ukurasa mzito kama huo.

Usiwe na hofu. Nimekuficha kama nilivyokuahidi siku nilipokuja kukuhoji jikoni kwako. Humo unaitwa Marcelina. Jina la pili nimeliacha lilivyo, maana hilo ni la ukoo na wenye ukoo mko wengi, hakuna atakayejua ni yupi kati yenu. Ndivyo nilivyofanya kwa mashahidi wa Sikonge na wa Kaliua na hakuna aliyepata shida. Msomaji akiona jina la kweli kidogo, anaamini kwamba huyu ni mtu.

Nijibu hata mistari miwili.

Mwanao,
Asmahani Shaban


Ulyankulu
Jumapili ya Matawi, 2 Aprili 2023

Mwanangu Asmahani,

Tumsifu Yesu Kristu. Marahaba. Najua mko kwenye mfungo, Mungu aupokee.

Barua na kitabu vimefika. Nimesoma polepole, macho yangu siku hizi yanataka jua. Umeandika vizuri. Umeandika hata uji, kwamba siku ile ulikuwa wa mtama. Nilikuwa nimesahau kama nilikwambia hilo.

Kitabu kimesomwa na wengi. Hata shambani kimefika. Karani wa Bwana Ezekia, mwenye shamba, alikuja nacho, akatukusanya uwanjani, akasoma ukurasa wangu kwa sauti. Anasoma vizuri yule kijana, hakukwama popote.

Sasa hivi sipiki tena. Nimepumzika. Niko Ulyankulu kwa mdogo wangu, mama yake Antoni. Naomba barua nyingine zije huku, zisiende tena shambani.

Nina swali. Hilo jina la pili, ulilikuta wapi? Nilikutajia mwenyewe au uliliona kwenye kitambulisho? Si kitu. Nauliza tu.

Nakuletea karanga. Ni kidogo, usinicheke. Msalimie baba.

Godeliva Ntirampeba


Isevya, Tabora
24 Aprili 2023

Mama yangu,

Shikamoo, na salamu za Idi. Karanga zako hazikuifikia sikukuu. Baba alizimaliza akisema anaonja tu.

Nimefurahi kusikia umepumzika. Umepika ugali wa watu sitini kwa miaka mingi mno, na kwa ndugu yako utapata mtu wa kukuchemshia maji ya mguu. Nimemwambia Shamila, mwenzangu wa ofisini, kwamba ungekuwa mfanyakazi wa serikali wangekupa cheti na saa ya ukutani.

Wiki iliyopita tulikuwa Dar es Salaam kuitambulisha ripoti. Ukumbi ulikuwa na baridi ya kutengenezwa, nikatamani shuka. Msichana mmoja mwenye sauti nzuri alisoma ushahidi wako mbele ya watu mia mbili. Alipofika pale unaposema "nilisikia anagonga mpaka akachoka", watu walisimama wakapiga makofi. Mtu mmoja mkubwa aliniambia, "Huyo Marcelina ni shujaa." Nilijisikia kama aliyesifiwa ni mama yangu mzazi.

Kuhusu jina la pili, uliniandikia mwenyewe kwenye daftari langu. Nadhani ni la baba yako, au la marehemu mume wako? Ukiita Salum hapa mtaani kwetu watageuka wanaume hamsini. Usilifikirie tena.

Nina ombi. Toleo la pili litachapwa Agosti. Tumeandika "Modesti, jina la pili halijulikani", na kila nikiusoma mstari huo naona haya. Mtu amekufa hivyo, halafu na sisi tumemzika nusu. Shambani wanasema hakuwa na karatasi yoyote. Wewe uliyempikia miezi mitatu, hukuwahi kumsikia akijitaja, au akitaja kwao?

Mwanao,
Asmahani


Seminari ya Kipalapala
6 Mei 2023

Dada Asmahani,

Tumsifu Yesu Kristu. Mama mkubwa amenikataza kukuandikia haya. Namvunjia heshima leo, nitaungama kesho.

Barua yako ya Aprili nilimsomea mwenyewe, macho yalikuwa yanamuuma. Nilipofika kwenye cheti na saa ya ukutani alicheka kidogo, akaenda nje, akakaa huko muda mrefu.

Dada, sisi wa asili ya Burundi hatuna jina la ukoo. Ukizaliwa unapewa jina la ubatizo kanisani, na unapewa jina lako la Kirundi, lako wewe, ambalo baba hana na ndugu zako hawana. Mimi na wadogo zangu wanne tuna majina matano, wala hakuna linalofanana. Ntirampeba ni jina la mama mkubwa. Toka Urambo mpaka Ulyankulu sijamsikia mwingine aliye nalo. Ulificha Godeliva, na kina Godeliva parokiani kwetu wako zaidi ya thelathini. Ukaliacha wazi hilo ambalo ni lake peke yake, na chini yake ukaandika "mpishi".

Karani alipolisoma pale uwanjani, vibarua wote walimgeukia. Hakupumzika, dada. Alipewa mpaka saa sita mchana atoke kwenye chumba chake. Vyombo vyake viliwekwa barabarani. Alitembea na sufuria kichwani mpaka alipopata pikipiki.

Na huku Ulyankulu si wote wanaomsalimia. Kuna familia zilizokuwa zikipata kibarua kwa Bwana Ezekia kila msimu, mwaka huu zimefukuzwa. Kanisani benchi lake linabaki na nafasi pande zote mbili.

Sikuandikii kwa chuki. Nimeisoma ripoti na ni ya kweli. Lakini ungeuliza. Swali moja tu lingetosha, na sisi tungekujibu tukicheka.

Frt. Antoni


Isevya, Tabora
8 Mei 2023

Mama Godeliva,

Shikamoo. Sijui kama nina haki ya kuitikiwa.

Antoni ameniandikia. Usimgombeze. Nimeisoma barua yake nikiwa nimekaa pembeni ya baba, akaniuliza, "Kuna msiba?" Nikamwambia ndiyo, na msiba wenyewe nimeuleta mimi.

Nimekutoa kwenye nyumba yako. Nilikuja jikoni kwako na viatu vya mjini, nikala ugali wako, nikakuapia kwamba hutajulikana, halafu nikaenda nikakuandika ukutani. Na wewe ukaniletea karanga! Ukaniuliza swali kwa upole kabisa, nami nikakujibu kwa mzaha wa kina Salum. Naona aibu mpaka nikipita kwenye kioo cha dukani nageuza uso.

Kuna baya zaidi, na afadhali ulisikie kwangu. Kabla ya kuchapa, Shamila aliniuliza: "Hili la pili una uhakika ni la ukoo?" Yeye ni wa Tanga, alikuwa anauliza kwa kutojua. Nikamjibu, "Mimi ni mtoto wa Tabora, hawa watu nawajua." Sikuwajua. Nimekulia safari ya basi tu kutoka kwenu na sikuwahi kuuliza watu wa Ulyankulu wanaitanaje.

Na mimi ndiye niliyepaswa kujua kuliko wote. Bibi wa bibi yangu aliletwa Kwihara, hapa Tabora, na msafara akiwa msichana mdogo, kutoka upande wa ziwani. Waliomnunua wakamwita Tunu. Alikuwa na jina lake, hakuna aliyeona haja ya kumuuliza, na mpaka leo hatulijui. Nyumbani kwetu hilo halitajwi. Tunawataja wale babu waliokuwa na misafara, tunawataja kwa majina matatu matatu. Nimekua nikilionea uchungu jina la Tunu lililopotea, kimoyomoyo, halafu nimekuja nikachezea la kwako.

Niambie nifanye nini. Chumba kipo hapa nyumbani, baba amesema uje hata kesho. Toleo la pili nitaliondoa jina lako lote, la kwanza na la pili, na nitaandika kwamba kosa ni langu.

Nisamehe, au usinisamehe, lakini nijibu.

Asmahani


Ulyankulu
11 Juni 2023

Mwanangu Asmahani,

Tumsifu Yesu Kristu. Marahaba. Unayo haki ya kuitikiwa, salamu hainyimwi mtu.

Nimekasirika. Naanza na hilo ili lisibaki tumboni. Nilipokuwa barabarani na vyombo vyangu nilikutaja kwa maneno ambayo Padri hakuyapenda. Sasa yamekwisha.

Sikukujibu mapema kwa sababu ya lile ombi lako kuhusu Modesti. Kila nikishika kalamu naiweka tena chini. Unajiona mkosaji kwangu kwa ajili ya jina. Mimi nimeona haya kwako tangu siku ile uliyokuja na daftari, na hukujua.

Uliniuliza ufunguo wa bani alikuwa nao nani, nikasema nyapara. Sikudanganya sana. Alikuwa nao asubuhi, na alikuwa nao jioni. Katikati ulikuwa kwangu.

Kila siku akienda shambani aliniachia fungu lote la funguo, kwa sababu ya stoo ya unga. Siku ile aliniachia, akasema, "Bani usifungue mpaka nirudi." Nikazifunga kwenye pindo la khanga. Kutoka jikoni mpaka kwenye bani ni hatua ishirini, nimezihesabu mara nyingi baadaye. Modesti aligonga. Mwanzo aliniita mama mpishi. Halafu akaniita kwa Kirundi, maana alikuwa analijua jina langu na alijua mimi ni wa kwao. Alisema ana kiu. Alisema leo ndiyo wanamzika mama yake, nimwambie ni nani anayemzika.

Nikachukua kinu nikaanza kutwanga. Hakukuwa na cha kutwanga, Asmahani. Nilitwanga mahindi yaliyokwisha twangwa, mpaka yakawa vumbi, ili nisisikie. Na nilisikia.

Baada ya muda akaacha kuomba nimfungulie. Akawa anataja jina lake tu, polepole, kama mtu anayefundisha mtoto. Modesti Habonimana. Wa Gisuru. Dada yangu ni Jeska. Akimaliza anaanza tena. Nadhani alikuwa amekwisha jua kwamba sifungui, akataka angalau nishike hilo. Na nimelishika. Shambani waliposema hakuna anayelijua jina lake la pili, nilikuwa nimesimama pale na mwiko mkononi, nikanyamaza, kwa sababu mtu angeuliza umelijuaje.

Utauliza niliogopa nini. Niliogopa chumba kimoja cha bati. Bwana Ezekia alikuwa na maneno yake: alisema sisi uraia wetu ni wa juzi, na karatasi hupotea. Nikaona nikifungua, nitaambiwa nirudi nilikotoka, nami huko sijawahi kufika. Nilizaliwa njiani mwaka sabini na mbili, wazazi wakiwa wanakimbia. Ndipo baba akanipa Ntirampeba. Maana yake Mungu bado hajanikatia tamaa.

Kwa hiyo karani alipolisoma jina hilo mbele ya watu, sikushangaa. Nilijiambia, basi, nimepatikana. Kilichoniumiza ni ile barua yako ya Idi, watu mia mbili kusimama na kunipigia makofi.

Usiondoe jina langu. Andika ufunguo ulikuwa kwa nani. Andika jina lake yote mawili, na langu yote mawili. Usinifiche tena.

Godeliva Ntirampeba


Isevya, Tabora
19 Juni 2023

Mama,

Shikamoo. Barua yako imekaa kwangu siku sita. Nikikwambia nilichotaka kuifanyia utanidharau: nilitaka kuiweka kabatini chini ya mashuka.

Nimeongea na Shamila bila kutaja mengi. Anasema tukiandika haya, wenye mashamba watasema shahidi mkuu alidanganya, basi ripoti nzima ni uongo. Na wewe unaweza kushtakiwa, mama. Nyapara atasema ufunguo ulikuwa kwako, atatoka yeye, utaingia wewe. Nimekwisha kukupotezea nyumba. Sitaki kukupeleka na gerezani.

Nina njia nyingine. Tuandike jina la Modesti kamili, tuseme "shahidi mmoja alimsikia akijitaja". Hakuna haja ya kusema zaidi. Wala si uongo.

Tafadhali fikiri. Naogopa, na sioni haya kukuambia hilo.

Asmahani


Ulyankulu
2 Julai 2023

Mwanangu,

Marahaba. Hapana.

Hilo la kwamba si uongo nimelala nalo mwaka mzima na zaidi. Silitaki kwenye kitabu chako. Na usiniambie unaniogopea mimi peke yangu. Unaiogopea na ripoti. Si vibaya, umeifanyia kazi. Lakini sema.

Juzi nimekwenda kituoni. Antoni aliomba ruhusa akanisindikiza. Niliandikisha maelezo yote, funguo, kinu, kila kitu. Askari aliniuliza jina nikamtajia. Akauliza, "La baba?" Nikamwambia kwetu hakuna, hilo ni langu. Akanitazama, akaandika. Nimeambiwa nije kila Jumatatu. Sijui watanifanya nini. Naogopa, ila sasa sitwangi.

Kutoka hapo tulipita makaburini, kule mwisho wa shamba. Walinzi hawakutuzuia, nadhani hawakutujua kwa mavazi ya kanisa. Antoni alichonga msalaba, mimi nikaandika kwa rangi ya mlango. Habonimana ni jina refu, herufi za mwisho zimebanana.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, nimeifunga. Ni ya Jeska, dada yake, nimeandika kwa Kirundi. Ofisi yenu ina watu huko Burundi, mtampata. Wewe huwezi kuisoma, na ni afadhali, maana ungetamani kuirekebisha.

Godeliva Ntirampeba


Tabora
21 Agosti 2023

Dada Jeska,

Salamu. Hunijui. Naitwa Asmahani Shaban, la pili ni jina la baba yangu, kwetu ndivyo tunavyoitwa. Nakuandikia Kiswahili, padri wa parokia yenu ameahidi kukusomea. Pole. Najua neno hilo limechelewa mwaka mmoja na nusu.

Pamoja na barua hii kuna vitu viwili. Cha kwanza ni kurasa kutoka kwenye ripoti yetu, toleo jipya. Ukurasa wa kwanza nimeeleza kosa nililomfanyia shahidi wangu, kwa jina langu. Ofisini hawakupenda, walisema tunajivua nguo hadharani. Nikawaambia shahidi wetu alivuliwa zamani, mbele ya vibarua sitini. Ukurasa wa thelathini na moja utaona jina la ndugu yako, yote mawili.

Cha pili ni barua, imefungwa hivyohivyo, sijaigusa. Imetoka kwa Godeliva Ntirampeba, aliyekuwa mpishi. Ndiye aliyekuwa na ufunguo. Nyapara amekamatwa. Mwenye shamba bado yuko nje. Mama Godeliva anaripoti kituoni kila Jumatatu, na safari ya mwisho alikwenda na begi la nguo, akidhani hatarudi. Alirudi. Hatujui ya Jumatatu ijayo.

Nimemuuliza kama nikuombee msamaha kwa niaba yake. Akasema nisithubutu, hilo si la kutumia mtu. Ameniagiza nikuulize jambo moja tu. Siku ile, nyuma ya mlango, Modesti aliuliza ni nani anayemzika mama yenu, na yeye hakumjibu. Anaomba umwambie ni nani aliyemzika, aende kumwambia Modesti pale kaburini kwake.

Asmahani Shaban